Msoma Mita

Nilikuwa na juzuu tatu za *Taji la Ukungu*,
zimechapwa kwa mkopo wa chama cha akiba,
maboksi kumi na moja chini ya kitanda,
na panya wa Nkuhungu, kwa ushahidi wa meno,
ndio pekee waliofika sura ya tano.

Hadi siku ile pale Majengo,
kijiweni kwa washona viatu.
Wanaume wazima wanafuta machozi kwa pindo za shati,
mmoja ana kijitabu cha fotokopi, pini mbili, bei buku:
*Utenzi wa Joka la Bahi*,
mtungaji Sechelela Mhembano,
anayesoma mita za maji mchana
na mizani usiku.

    Joka likatua Bahi,
    lenye kutisha wajihi,
    likaombwa na sahihi
    na kibali cha angani.

Nami nikacheka, Mungu shahidi.
Nikafungua ukurasa wa pili.

    Azarondi kachomoa
    upanga alionoa,
    mgambo kasema: Toa
    risiti ya kiwandani.

Azarondi! Wangu huyo!
Mwana wa radi, mrithi wa ngome ya barafu,
niliyemlea kwa mshumaa kila umeme ulipokatika,
leo anadaiwa risiti
kati ya mafungu ya nyanya na dagaa!
Nikanunua nakala, iwe kielelezo mahakamani.
Nikapanda bodaboda na hasira yangu,
tukalipa nauli ya mtu mmoja.

Nilimkuta uani Chang'ombe, koti la kazi begani,
anachambua mlenda.
Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima:
hakimiliki, wakili, fidia.
Akanisogezea kigoda.
"Ndiye wewe? Nilidhani mrefu."
Kisha, bila kuinua macho:
"Huo ukungu uliuonea wapi, mtu wa Nkuhungu?
Sisi tuna vumbi. Vumbi la bure, tani na tani.
Halafu unamvika mtu ngozi ya dubu mwezi wa kumi,
si atakauka kama samaki wa Mtera?"

Nikasema hujui fasihi, dada.
Nikasema kazi ya msanii ni kuota mbali.
Nikasema mengi. Mlenda ukaisha kuchambuliwa.

Akaingia ndani, akatoka na juzuu zangu,
zote tatu,
zimevalishwa magazeti kama daftari za mtoto wa shule,
kona zimelainika, pembeni penseli, penseli, penseli.
Sikuwahi kuviona vitabu vyangu vikiwa vichafu.
"Juzuu ya kwanza, ukurasa wa arobaini na mbili,
shujaa wako anamfunga farasi darajani,
anaingia pangoni, 'narudi sasa hivi.'
Anapigana. Anaoa. Anatawazwa. Juzuu ya tatu imekwisha.
Yule farasi alifunguliwa na nani?"

Panya hawaulizi maswali kama hayo.

Nilikaa kimya muda wa chungu kuchemka.
Mwishoni niliomba anisomee yaliyobaki,
akasoma huku anakoroga,
sauti ileile ya kutangaza deni:

    Moto wake ukazima,
    koo kavu, jua wima,
    likauliza kisima,
    likaambiwa: foleni.

Nilipoondoka nilisahau kielelezo changu juu ya kigoda,
na ile kesi sijui niliidondosha wapi,
labda relini.

Mwezi uliofuata alipita kwangu nikiwa sipo.
Bili ilikuwa imepachikwa kwenye geti:
uniti tisa, deni la nyuma, tarehe ya kukatiwa.
Na nyuma yake, kwa penseli:

    Ewe bwana wa ukungu,
    farasi wako yu kwangu,
    anakula pumba zangu,
    lipa bili ya majani.